Shangazi wa Sindano na Maiki: zipu ya nyuma, pumzi inayokatika na mume anayemtaka mke wa zamani

Mwezi huu barua karibu zote ni za kina mama. Toleo lililopita nilisema nataka kusikia kwa watu ambao kuzaa au kulea kumebadilisha wanavyovaa na wanavyoimba, nikajua nitapata salamu na pongezi, kumbe mna mambo. Nimechukua tano. Na wale mnaouliza bei ya gomesi, lile gauni refu la mabega ya ncha, ya kuvaa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hapa hatuuzi, nendeni maduka ya vitambaa ya Kiyembe, Kampala, mkatembee mkachoke kama wenzenu.

*

*Shangazi habari ya kazi. Mimi ni fundi cherehani Jinja, nashona magauni ya kitenge na nguo za harusi. Nina mapacha wa miezi saba. Tangu nijifungue najisikia mtu mwingine kabisa, nimekua, vitu vingi vilivyokuwa vinanisumbua siku hizi naviona vidogo, sasa nataka nianzishe lebo yangu inayotokana na haya maisha ya umama. Marafiki wananiambia nichapishe tisheti za kusifu mama eti ndo zinauzika, mi moyo hautaki ila sijui nianzie wapi. Jingine ni aibu kidogo, magauni ninayoshona kwa mikono yangu siwezi kuyavaa tena sababu zipu iko nyuma, juzi kwenye harusi ya binamu yangu ilibidi niingie chooni nivue gauni lote mpaka kiunoni ndo watoto wanyonye. — Nalongo, Jinja*

Nalongo, hongera sana, mapacha wakue. Umenieleza lebo kwa mistari mingi alafu lebo yenyewe ukaiweka mwishoni ukaiita aibu. Hilo gauni la chooni ndo kazi yako. Tisheti waachie wachapaji wa Nasser Road Kampala, wao wana mashine na wana haraka, wewe una kitu ambacho fundi ambaye hajawahi kunyonyesha wawili kwa zamu na kofia ya harusi kichwani hawezi kukiwaza hata umlipe.

Chukua gauni lako la pinsi, ile mishono miwili ya mbele inayoshuka kifuani mpaka kiunoni. Mshono upo tayari pale, wala huongezi kitu ambacho watu watakishangaa. Fumua inchi saba nane kila upande, weka zipu ile ya kujificha, na ifunguke kwa kushuka chini, maana mama ana mkono mmoja tu, mwingine umebeba mtoto. Ndani nyuma ya zipu weka kipande cha pamba laini kirefu kuliko zipu yenyewe, isimkwaruze mtoto shavu wala isimbane mama ngozi, na yule aliyewahi kubanwa na zipu pale anajua nasema nini. Kiunoni lastiki iwe nyuma tu, mbele acha flati. Alafu usikate nafasi ya ndani ya mshono, acha inchi nzima kila upande, mwili wa miezi miwili baada ya kujifungua sio ule wa mwezi wa nane, gauni likiwa na nafasi linapunguzwa, lisipokuwa nayo linaenda kwa dada mdogo. Na kitambaa: maziwa yakivuja kwenye satini ya rangi moja harusi nzima inajua, ila kitenge chenye maua mengi ya rangi nzito kinakutunzia siri mpaka keki ikatwe.

Hebu muangalie bibi yako alivyovaa gomesi. Shingo ya mraba iliyo pana, vifungo viwili upande wa kushoto, mkanda unafungwa chini kwenye nyonga na haugusi tumbo, kikoyi ndani. Mwanamke analivaa na mimba, analivaa ananyonyesha, analivaa akiwa bibi wa wajukuu, gauni lile lile anabadilisha tu anavyofunga mkanda. Inasimuliwa kwamba lilianza mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, mshonaji akiwa fundi Mgoa, mtu wa asili ya Goa kule India, aitwaye Gomes, na baadaye wanawake wakalifanya lao. Sikwambii ushone gomesi, nakwambia lichunguze kwa futi na daftari, upime shingo, upime mkanda unakaa wapi, kuna hesabu pale ambayo magauni ya mtindo wa sasa wameitupa.

Na usione kama kuanza na nguo ya mtoto au ya kunyonyeshea ni kuanza chini. Jeanne Lanvin alikuwa mshona kofia Paris, akazaa binti 1897, akawa anamshonea yule mtoto nguo nzuri mpaka wateja waliokuja kwa ajili ya kofia wakaanza kuulizia nguo za mtoto. 1908 akafungua sehemu ya nguo za watoto, baadaye kidogo na mama zao wakataka zao, ndo ikawa nyumba ya fasheni ambayo mpaka leo nembo yake ni mama na mtoto wameshikana mikono. Sonia Delaunay, huyu alikuwa mchoraji, 1911 alimuungia mwanae mchanga blanketi la vipande vya vitambaa, kama alivyowaona wakulima wa Urusi wakifanya, marafiki wakamwambia hii mbona ni sanaa ya kisasa kabisa, na 1913 alikuwa anaingia ukumbi wa dansi Paris na gauni la vipande vya namna ile. Wewe hapo chini ya cherehani una gunia la vipande vya kitenge, najua unalo, kila fundi analo.

Kuhusu kukua. Unasema umekua lakini huwezi kumshonea mtu hiyo hisia, na ukijaribu kuiandika kifuani utarudi kwenye tisheti. Andika vitu ambavyo ulivivumilia kabla ya mapacha na sasa huvivumilii: viatu vinavyouma, gauni la kuingia kwa kuvuta pumzi, mkoba usioingia nepi, sidiria ya kukata mabega. Hiyo orodha ndo staili yako, ukiifuata nguo zako zitafanana zenyewe bila kulazimisha.

Pesa sasa. Shona tatu tu za kwanza, wape kina mama watatu wenye miili tofauti wavae wiki mbili, kanisani, msikitini, sokoni, kwenye taksi imejaa, alafu usiwaulize kama ni nzuri, watakwambia nzuri tu sababu wanakupenda. Waombe wamnyonyeshe mtoto mbele yako, uangalie mkono unahangaika wapi. Ukija kupanga bei uhesabu zipu mbili badala ya moja, bitana, uzi, umeme, na ile saa ya ziada ya kuficha zipu isionekane, maana hiyo saa ndo kastoma anayoinunua. Mafundi wetu tunajua sana kuhesabu kitambaa na kusahau mikono. Kuwa Jinja nako kunakusaidia, huo mji una historia ya nguo tangu enzi za kiwanda cha Nytil, wazee wanaojua pamba bado wapo, kaa nao. Jina la lebo ukishalipata ulisajili URSB, ile ofisi ya serikali ya Uganda ya usajili, kabla hujalitangaza kwenye simu, usije ukakuta jirani kakutangulia.

*

*Shangazi, mimi nilikuwa naimba na bendi za hoteli hapa Mbale. Nilisimama nilipopata mimba, nikajifungua kwa kupasuliwa, mtoto ana miezi mitano. Nimerudi studio nikakuta pumzi inakatika katikati ya mstari na sauti imekuwa nzito. Prodyuza anataka nyimbo za mapenzi za kuchezeka kama zamani, lakini mi nimeandika wimbo wa zile siku za mwanzo, usiku, mtoto analia na mimi nalia. Ananiuliza nani atacheza wimbo kama huo klabu? Nimekuandikia na maneno yake chini, niambie ukweli. — Sauti Nzito, Mbale*

Nimeyasoma maneno yote. Kwanza mwili maana huo haungoji.

Kuimba kunatumia misuli ya tumbo kusukuma na kushikilia pumzi, na misuli hiyo mimba imeitanua, kwa wengine inaachana kabisa pale katikati, juu ya hapo wewe umepasuliwa. Sasa mstari uliokuwa unaushika vizuri utaukamata na nini? Rudi kwa daktari au mkunga akukague tumbo na mshono, muulize waziwazi mi naimba, naruhusiwa mazoezi gani, wengi hawaulizi wanadhani swali la kuimba ni la starehe. Akikuruhusu anza na pumzi za taratibu umelala chali, magoti juu, alafu kuguna na kuimba chini chini, nota za juu ziache kwanza. Mwambie mpiga kinanda ateremshe nyimbo zako za zamani kidogo. Homoni za mimba na kunyonyesha nazo zinaweza kucheza na sauti, kukosa usingizi ndo usiseme. Uzito mwingine utaondoka. Ukibaki, bado sioni hasara yake, sauti nyembamba ziko nyingi redioni.

La pili nakuuliza kama mtu wa nyumbani. Kile kilio cha usiku kimeisha, au bado? Kama bado unalia siku nyingi, huna hamu ya chakula wala ya mtoto, au unapitiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie daktari leo, usingoje siku ya kliniki. Huo ni ugonjwa unaojulikana, unawapata kina mama wengi, na unatibika. Wimbo utakungoja.

Sasa wimbo. Kiitikio chako kinasema mama ni malaika, mama ni nguzo, mama ni taa. Futa. Hayo tumeshaimbiwa tangu shule ya msingi na anayeimba hivyo mara nyingi ni mtoto wa mtu, sio mama mwenyewe. Lakini ubeti wa pili una mstari huu: *saa nane feni inazunguka, na sisi wawili tunazunguka.* Hapo nilisimama nikausoma tena, nakuona kabisa unazunguka chumba na mtoto begani, feni juu, mtu amelala pembeni kwa raha zake. Ufanye huo ndo kiitikio. Uurudie mara nne bila kuueleza, mama yeyote atakayesikia hatakuuliza maana yake.

Klabu? Prodyuza wako anaijua biashara yake simdharau, ila sio kila wimbo kazi yake ni kuchezwa. Hapa kwetu tuna kadongo kamu, mtu mmoja na gita lake anasimulia kisa dakika nyingi, na watu wazima wanakaa kimya wanasikiliza mpaka mwisho, saluni, dukani, kwenye taksi ya safari ndefu. Na saa nane usiku kuna kina mama wangapi wako macho na simu mkononi, sauti wameiweka chini wasimwamshe baba? Hao nao ni wasikilizaji, tena hawana haraka.

Lauryn Hill alipopata mimba yake ya kwanza kazi ikiwa inapanda watu walimshauri aangalie kazi, yeye akazaa, akaimba "To Zion" kwa jina la mwanae, Carlos Santana anapiga gita mle ndani, 1998, na albamu yenyewe ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka 1999. Na kwetu, Juliana Kanyomozi alifiwa na mwanawe 2014, nchi nzima ikalia naye, 2020 akajifungua mwingine. Ukimsikiliza mtu aliyepita kote huko hutamuuliza mbona haimbi kama msichana wa miaka ishirini. Prodyuza wako mpe moja ya kuchezeka, nawe akupe moja yako, gita na feni basi, biti ndogo, muone ipi inarudi na watu.

Kabla hujaimba hata neno, wimbo upeleke URSB ukausajili. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 wimbo ni wako tangu unapouandika au kuurekodi, hata bila cheti, na haki inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo huyo wa miezi mitano anaweza kuja kuishi kwa huo wimbo. Lakini kesi ikitokea cheti ndo kinasema haraka. Na muandikiane na prodyuza nani ana asilimia ngapi, karatasi moja, sahihi mbili, shahidi mmoja. Ukiniambia "huyu ni kama kaka yangu" nitakujibu kwamba kesi nyingi za nyimbo nilizozisikia ni za watu waliokuwa kama ndugu.

Na kile kibwagizo cha bibi yako cha kubembeleza ulichokiweka mwanzoni, kiache, kizuri sana, ila kwenye fomu usijiandike kwamba umekitunga. Chako ni mpangilio na mistari uliyoongeza.

*

*Dada, nina mimba ya miezi sita nina shoo Busia mwezi ujao. Nivae nguo ya kubana tumbo lionekane au nijifiche na dera? Mama mkwe atakuwepo. — Tumbo Mbele*

Rihanna aliimba Super Bowl Februari 2023 na mavazi mekundu tumbo liko mbele dunia nzima inaangalia. Beyoncé na mapacha tumboni kwenye Grammy za 2017, dhahabu tupu toka kichwani. Rapa M.I.A. 2009 alipanda jukwaani Grammy siku yenyewe aliyotarajiwa kujifungua. Kwa hiyo tumbo jukwaani sio ajabu tena. Cha kuogopa ni joto na waya. Kitambaa kinachovutika na kupitisha hewa, kisichobana chini ya tumbo, kiatu flati, kiti nyuma ya jukwaa na maji, waya za maiki zifungwe na tepu sakafuni. Kuhusu mama mkwe, mwombe yeye akuchagulie kitambaa na wewe uchague mshono, hapo mko wawili kwenye hilo gauni na hatakuwa na la kusema. Dera livae kesho yake.

*

*Shangazi, mimi sijazaa na labda sitazaa. Mama alifariki nikabaki na wadogo zangu watatu, nimewalea mpaka mdogo kabisa yuko sekondari. Naimba kwaya hapa Arua. Ikifika sikukuu ya kina mama wanasema kina mama wote wasimame waimbe, mimi naambiwa nikae. Nina gomesi moja ya marehemu, nataka niivae jukwaani lakini imechoka, na wengine wanasema kukata nguo ya marehemu ni mkosi. Nimeandika na wimbo wa kumshukuru ila nahisi kama naiba nafasi ya watu. — Dada Mkubwa*

Huibi kitu, mwanangu. Ada umelipa, uji umepika, homa umezikesha, ukasimama shuleni pale mzazi anapoitwa. Bi Kidude wa Zanzibar hakuzaa, akafariki Aprili 2013 akiwa mzee sana, na kabla ya hapo alikuwa kwenye unyago anapiga ngoma na kuwafunda mabinti wa vizazi na vizazi, nani angethubutu kumwambia akae chini wenye watoto waimbe? Mwaka huu usingoje kuitwa, ongea na mwalimu wa kwaya mapema, mwambie una wimbo wako wa solo, na wadogo zako wakuitikie kiitikio. Watatu hao wakisimama nyuma yako kanisa zima litaona lenyewe.

Kuhusu mkosi siwezi kuamua kwa niaba ya ukoo wenu, waulize shangazi zako wa damu, na wakikataa heshimu, vaa ilivyo. Wakikubali ndo tunaingia kwenye sindano. Gomesi ina kitambaa kingi, yaweza kufika mita sita, na hakichakai sawasawa. Itandaze juani uangalie: makwapani, kwenye pindo la chini na pale mkanda ulipokuwa unasugua ndo pamekufa. Sehemu ya mbele kati ya kifua na magoti mara nyingi bado ina nguvu. Usiifue na sabuni ya unga, loweka maji baridi na sabuni laini, anika kivulini. Kabla ya mkasi pitisha mshono mahali utakapokata, vitambaa vya zamani vinafumuka ukivigusa tu. Mabega yake yale ya ncha yasivunjwe, fundi atakwambia yamepitwa na wakati, mwambie ndiyo sababu ya kuja. Blauzi moja yako yenye mabega ya mama, sketi chini kitambaa kipya cha rangi moja. Mkanda ugawe vipande vitatu, kila mdogo wako afunge mkononi siku ya kuimba.

Kwenye wimbo nakuomba kitu kimoja, umtaje mama kwa kitu alichokuwa anafanya. Alikuwa anafunga vipi huo mkanda, alikuwa anaficha nini ndani yake. Hela ya taksi? Funguo? Hicho kiimbe.

*

*Mama, naandika toka Mukono. Mke wangu tangu ajifungue amebadilika. Amekata nywele zote, anavaa masuruali mapana na mashati yangu, usiku anaandika nyimbo kwenye simu, pesa ya mboga inanunua vitambaa. Sasa anasema kila Jumamosi ataenda studio. Nataka mke wangu wa zamani, nifanyeje? — Mume Mpole*

Wa zamani hana mtoto, unamtaka na mtoto umpeleke wapi?

Baba, tuongee taratibu. Nywele baada ya kujifungua zinakatika, zinabaki kwenye kitana kwa mafungu, wengi wanakata kwa sababu hiyo tu, kamuulize utashangaa. Shati lako lina vifungo mbele, mtoto ananyonya bila shida. Suruali pana haigusi mshono. Yaani mabadiliko matatu kati ya hayo unayoyalalamikia ni kazi ya kukulelea mwanao. Pesa ya mboga hapo una haki, na mimi nitamwambia hivyo hivyo akiniandikia, kaeni mtenge kiasi cha vitambaa kijulikane, hata kama ni kidogo, na kikiisha kimeisha.

Nyimbo anazoandika usiku, ushawahi kumuomba akusomee moja? Sio uisikilize ukisubiri mpira uanze. Inawezekana umo mle ndani na sio kwa ubaya, inawezekana pia ni kwa ubaya, bora uisikie sebuleni kuliko redioni.

Jumamosi aende. Maziwa akamue ayaache, akuoneshe yanavyopashwa, chupa iloweshwe kwenye maji ya moto, usiiweke jikoni motoni. Wewe ubaki na mtoto, mwenyewe, usimuite dada yako akusaidie. Na usimpigie simu kila nusu saa kumuuliza nepi ziko wapi, ziko pale pale zinapokaaga siku zote.